Kubuku safari ya meli ya kitalii ukiwa Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mi nina stationari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, napiga picha za paspoti saizi, najaza fomu za watu mtandaoni. Tangu mimi na mama watoto turudi kutoka Durban kwenye ile safari yetu ya meli, basi imekuwa taabu, mtu anakuja kutoa kopi ya kitambulisho anaondoka baada ya saa nzima maana ameanza "eti ile meli mlilipaje?" Nimeona niandike mara moja. Maswali ni yale yale yanayorudi kila wiki, kuanzia ya mtu ambaye hajui kitu mpaka ya aliyeshalipa na amekwama. Pale ambapo jambo nimeshalisema nimeweka namba ya swali, rudi huko, sitarudia.

## Kuanzia chini kabisa

1. Hivi hiyo kruzi ni nini hasa, si ni kama Liemba tu?

Hapana, ila naelewa kwa nini watu wa huku tunauliza hivyo, sisi meli tunayoijua ni Liemba. Ile ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande mpaka Dar, ikapanda treni, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Sasa Liemba kazi yake miaka yote ilikuwa kukutoa hapa kukupeleka Kasanga au Mpulungu, na magunia ya dagaa juu. Ulikuwa unapanda kwa sababu unakwenda mahali.

Kruzi ni kinyume chake, unapanda kwa sababu ya meli yenyewe. Unalala humo, unakula humo, kuna mabwawa ya kuogelea na muziki na michezo ya watoto, usiku meli inatembea na asubuhi unaamka uko bandari nyingine, unashuka kutembea, jioni unarudi. Mara nyingi inakurudisha ulipopandia. Ukubwa nao ni habari nyingine, Liemba ina urefu wa mita 71 hivi, ila Icon of the Seas ya Royal Caribbean iliyoanza kubeba abiria Januari 2024 ina mita 365 na ikijaa inabeba abiria zaidi ya 7,000.

2. Bei ikiandikwa dola 300 ndo imeisha hapo?

Haijaisha, na hapa ndo wengi wanaumia. Kwanza hiyo bei ni ya mtu mmoja, na imepigwa kwa hesabu kwamba chumba kina watu wawili. Kwa hiyo nyie wawili ni 600. Ukienda peke yako soma swali la 19 kabla hujafurahi.

Halafu kuna kodi na tozo za bandari, kampuni nyingine inaziweka ndani ya bei, nyingine inazileta mwishoni kabisa ukishajaza majina. Kuna bahashishi ya wafanyakazi ambayo kwenye kampuni nyingi inakatwa yenyewe kila siku, wastani dola 12 mpaka 20 kwa kila kichwa, mtoto naye anahesabiwa. Waifai ni hela. Soda na bia ni hela. Kutembezwa mjini mkishuka ni hela. Kilichomo kwenye bei ni chumba, chakula cha migahawa ya kawaida, burudani nyingi, na maji na chai na kahawa za kawaida kwenye bufee, basi. Na nauli ya kukutoa Kigoma mpaka bandarini haimo kabisa, na kwetu sisi hiyo mara nyingi ndo inazidi bei ya meli yenyewe.

Ushauri wangu ni uchukue karatasi uandike zote hizo kwenye safu moja ndo ujumlishe. Tangazo la bei ya chini likishajumlishwa mara nyingi linalingana na lile uliloliona ghali.

3. Njia za kubuku ziko ngapi?

Ukichuja makelele zinabaki nne. Kuna kubuku mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli au kwa simu yao. Kuna kupitia ejenti, mtu mwenye ofisi au namba unayoijua. Kuna mitandao mikubwa inayouza meli za kampuni zote kwa pamoja. Na kuna kubukiwa na ndugu aliyeko nje. Ya tano ipo ila ni ya waliokwisha kusafiri, ukiwa bado melini wanakuuzia safari ijayo kwa advansi ndogo na wakati mwingine wanakupa hela kidogo ya kutumia humo humo. Sisi walituita, mama watoto akanivuta shati tukaenda kula.

## Ipi ni ipi

4. Njia ipi ina bei ya chini?

Swali namba moja kuliko yote, na jibu linawakera watu: zote karibu sawa. Kampuni ya meli ndo inapanga bei, ejenti analipwa kamisheni na kampuni, hakuongezei wewe juu, yani wale wa kawaida. Tofauti utakayoikuta ni dola chache au zawadi, mmoja anakupa hela ya kutumia melini, mwingine bahashishi imelipwa.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, acha kuwinda bei na uulize kitu kingine: siku mambo yakiharibika nitampigia nani? Maana buking ina mwenyewe. Ukibuku kwenye kampuni, mwenyewe ni wewe, unaongea nao moja kwa moja. Ukibuku kupitia mtu au mtandao, mwenye buking ni huyo, na kampuni ya meli ukiipigia kutaka kubadilisha chochote watakujibu kwa adabu kabisa kwamba rudi kwa aliyekuuzia. Hili jambo hakuna tangazo linalolisema na mi nililijua kwa kulipia, swali la 7.

5. Basi si nibuku tu mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni?

Kama Kiingereza chako hakikusumbui, una kadi inayolipa nje (swali la 12), na safari ni nyepesi, watu wawili, chumba kimoja, nchi isiyotaka viza, ndiyo, buku mwenyewe. Bei ikishuka kabla hujamaliza kulipa unaweza kuwapigia uombe bei mpya, kampuni nyingi zinakubali kwa aina fulani za tiketi, na hapo hakuna wa kumsubiri.

Ubaya wake ni saa. Kama ofisi yao iko Miami, wao wakifungua saa tatu asubuhi huku kwetu ni saa kumi jioni, au saa kumi na moja kutegemea na miezi maana wao wanasogeza saa. Kwa hiyo asubuhi yako yote hakuna mtu. Na ukikosea kujaza, umekosea wewe.

6. Ejenti anafaa lini, na nitamjuaje kama ni wa kweli?

Anafaa pale safari ina vipande vingi. Familia ya watu saba vyumba vitatu, mzee anayetembea kwa fimbo, meli ya Ulaya yenye viza, ndege zinazotakiwa kuungana. Hapo mtu mwenye kuijua kazi anakuokoa. Kigoma na Tabora ofisi za ndege tunazo ila wengi wao hii ya meli hawaifanyi, wataituma kwa mwenzao Dar au Arusha, sio dhambi, we uliza tu ni nani hasa anayeishika buking yako na namba yake ni ipi.

Kumpima ni rahisi. Mpigie jumamosi usiku kabla hujampa hela, uone kama anapokea, maana meli hazisubiri jumatatu. Muulize tarehe ya mwisho ya kumalizia malipo na ukijitoa unakatwa kiasi gani, akijibu "usijali tutaongea" ondoka. Muulize kama naye anatoza ada yake ya kukata tiketi au kubadilisha, wengine wanatoza na ni haki yao ila uijue mapema. Ofisi iwe na leseni ukutani na risiti itoke kwenye mashine ya EFD, ile ya TRA, sio ya kuandika kwa peni. Na ukishalipa advansi, dai namba ya buking ya kampuni ya meli, sio namba ya ofisi yake, uingie mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni na jina lako na tarehe ya safari uone kama upo. Haupo, hujabuku.

7. Mitandao ya bei chee vipi?

Ni mizuri ya kutazamia, unaona kampuni zote na tarehe zote kwenye ukurasa mmoja. Kununulia humo ndo sijui nikwambieje, ngoja nisimulie.

Niliona safari yetu imepungua dola 38 kwenye mtandao mmoja ambao sitautaja. Nikabuku usiku nimelala kitandani. Kwenye jina la mama watoto nikaandika jina langu la ukoo, kama tunavyoitana kanisani, Bi fulani. Sasa paspoti yake ina jina la baba yake, kama wanawake wengi wa huku, hakubadilisha na hakuna sababu ya kubadilisha. Nikaja kuliona zimebaki siku 11. Nawapigia kampuni ya meli, dada wa watu ananijibu vizuri kabisa, kaka hiyo buking siwezi kuigusa, wasiliana na waliokuuzia. Nawatafuta waliouza, namba ya simu hamna, kuna chati tu. Siku hiyo umeme ulikatika Mwanga nzima, nimekaa nje ya duka kwenye kreti ya soda, simu ina chaji asilimia 9, skrini imeandika wewe ni wa 46 kwenye foleni. Nikasogea wa 31. Simu ikazima. Kesho yake nikaanza upya wa 52.

Jina lilirekebishwa siku ya nne kwa ada ya dola 50. Toa humo punguzo langu la 38, fanya hesabu mwenyewe.

Ukiwa umeshabuku huko na bado hujamaliza kulipa, kuna kampuni za meli zinaruhusu buking kuhamishwa kwenda kwa ejenti au kuvunjwa na kubukiwa upya moja kwa moja, ila ni mapema tu. Zikibaki wiki chache hakuna wa kukusikiliza.

8. Mwanangu yuko Marekani, anaweza kunibukia?

Anaweza, na kadi yake italipa bila kigugumizi. Ila mwambie mambo mawili. Pale panapouliza uraia na nchi unayoishi wewe msafiri, asijaze ya kwake. Bei na masharti mengine yanategemea makazi ya msafiri, na kwenye uraia ndo meli inaangalia viza zako. La pili, barua pepe na namba ya simu aweke na yako, sio yake tu, nimeona mama mmoja wa Ujiji taarifa za meli kubadilishwa saa zilienda kwa kijana wake aliyekuwa zamu ya usiku amelala mchana.

## Kabla hujatoa hela

9. Nianze na viza au nianze na buking?

Anza na paspoti, halafu uijue viza, halafu buking. Paspoti iwe na angalau miezi sita mbele kuanzia siku safari inapoisha, kampuni nyingi zinadai hivyo. Kama huna kabisa, ombi unajaza mtandaoni kwenye mfumo wa Uhamiaji kisha unakwenda ofisi yao ya mkoa na viambatanisho.

Kwenye viza kuna mtego, ubalozi unataka uone umebuku, na ukibuku halafu viza ikakataliwa advansi inaweza kuliwa. Ndo maana nasema buku aina ya tiketi ambayo advansi yake inarudi, zipo, huwa zina bei juu kidogo ya zile zisizorudi. Soma hilo neno kwa makini kabla ya kubonyeza, na upige skrinishoti ya ukurasa wa masharti. Na kampuni ya meli haikuombei viza, hilo liko shingoni kwako. Ukifika bandarini huna, wanakuacha na hela hairudi.

10. Safari ipi ni nyepesi kwa Mtanzania anayeanza?

Durban. Afrika Kusini Mtanzania huhitaji viza kwa matembezi mafupi, Msumbiji vile vile, na kwa miaka mingi kampuni ya meli ya MSC imekuwa ikileta meli Durban msimu wa joto la kule, Novemba mpaka Aprili, za siku tatu nne kwenda Portuguese Island na Pomene upande wa Msumbiji. Angalia kalenda yao kama mwaka unaoutaka ipo. Siku tatu zinatosha kujua kama bahari inakupenda. Kadi ya manjano ya chanjo ibebe tu hata kama hujaulizwa, na mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine.

Kwa Marekani, zile za Miami na Karibiani, masharti ya viza kwa Watanzania yamekazwa sana siku hizi, nenda kwenye tovuti ya ubalozi kwanza kabla ya kitu chochote. Usimtume mtu hela ya meli ya Miami huna viza mkononi.

11. Za Ulaya je, Schengen moja inatosha?

Schengen ni viza moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ila inategemea meli inapita wapi. Ada ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, ila kinachoangusha watu ni idadi ya kuingia. Ukipandia Barcelona, meli ikapita Tunis halafu ikarudi Italia, ulishatoka Schengen na unaingia tena, viza ya kuingia mara moja imekwisha. Omba ya kuingia mara nyingi na uambatanishe ratiba ya meli waone wenyewe. Uingereza ina viza yake, haihusiani na hiyo.

Na angalia jina la bandari, sio jina la mji. Tangazo linasema Roma kumbe meli iko Civitavecchia, kama kilometa 70 kutoka Roma. Linasema London kumbe ni Southampton, zaidi ya kilometa 100. Nauli ya kufika huko iweke kwenye ile karatasi ya swali la 2.

## Hela

12. Nitalipaje nikiwa Kigoma?

Kadi ya benki yenye alama ya Visa au Mastercard, ila pitia tawini uwaambie wafungue malipo ya mtandaoni ya nje na uulize kikomo cha siku. Nyingi zinakataa sio kwa sababu hela hamna, ni kikomo kimefika. Kadi pepe za kwenye simu nazo zinakubali sehemu nyingi, shida ni kwamba safari ikivunjwa hela inarudi kwenye kadi ile ile, sasa kama ulishaifuta utahangaika.

Dola ya benki ni ghali kuliko ile unayoiona Google, weka akiba kidogo juu yake. Na melini utahitaji kadi tena au hela taslimu ya kuweka dhamana ya matumizi, wanazuia kiasi fulani siku ya kwanza, usishtuke.

13. Naweza kulipa kidogo kidogo?

Ndiyo, na ndo uzuri wake. Unatoa advansi, unaendelea kupunguza, mwisho wa kumalizia ni kati ya siku 60 mpaka 120 kabla ya safari kutegemea kampuni na urefu wa safari. Mi nilibuku miezi tisa kabla nikawa nalipa kila tukivunja kikoba. Tarehe ya mwisho iandike ukutani, ikipita bila kumaliza buking inafutwa na advansi inakwenda. Baada ya tarehe hiyo ukijitoa makato yanapanda kadri siku zinavyopungua mpaka unafika mahali hurudishiwi hata mia, na ndo maana swali la 17 lipo.

14. Ni vizuri kubuku mapema au dakika za mwisho?

Kwetu mapema. Ofa za dakika za mwisho ni kweli zipo, meli haitaki kutoka na vyumba vitupu, ila zinamfaa mtu anayekaa karibu na bandari na hahitaji viza. Ukae Kigoma uone ofa ya meli inayoondoka baada ya siku 12, nauli ya ndege pekee itakumaliza. Januari mpaka Machi kampuni nyingi zinamwaga ofa za mwaka mzima, ndo msimu wao. Epuka Desemba na likizo za shule za kule, sio za kwetu.

15. Nichukue chumba gani?

Kuna cha ndani kisicho na dirisha, cha dirisha, chenye kibaraza, na vile vya kifahari. Tulichukua cha ndani. Giza totoro, tulilala mpaka saa nne asubuhi tukakosa chai. Ila kulala tu ndo kazi yake. Kama tumbo lako ni la kuchafuka chagua katikati ya meli na ghorofa za chini, huko hakuyumbi sana. Kuna tiketi za bei ndogo ambazo kampuni ndo inakuchagulia chumba, usizichukue kama unaogopa kichefuchefu au mnataka vyumba vinavyofuatana.

16. Tununue kifurushi cha vinywaji?

Piga hesabu ya mnachokunywa kweli, sio mnachojidanganya. Na ujue kitu kimoja: kwenye kampuni kadhaa kubwa, Royal Caribbean na Carnival zikiwemo, mtu mzima mmoja chumbani akinunua kifurushi cha pombe basi na wenzake watu wazima wa chumba hicho lazima wanunue. Sasa bwana anakunywa, bibi ni mlokole, umelipa vifurushi viwili. Cha soda huwa hakina sharti hilo.

17. Bima ni ya lazima?

Kwa Schengen lazima. Kwingine inategemea kampuni, ila mi nasema kata. Daktari wa melini sio bure, na kama itabidi ushushwe kwa helikopta hiyo bili utaachia wajukuu. Hakikisha imeandikwa inahusu safari za meli na kuvunja safari, za bei ndogo kabisa huwa hazina hivyo. Nunua mapema, ukishaugua hakuna wa kukuuzia.

## Njiani

18. Kutoka Kigoma au Tabora nipangeje, na nikichelewa meli inasubiri?

Haisubiri. Geti linafungwa saa moja au moja na nusu kabla ya kuondoka, ukiwa nje uko nje. Kwa hiyo fika mji wa bandari siku moja kabla, na kwa sisi wa mwisho wa reli nasema Dar uwe umefika siku mbili kabla ya ndege yako ya nje. Ndege ya Kigoma ikiahirishwa leo hakuna nyingine ya saa mbili baadaye. Treni ya reli ya kati ni nzuri, naipenda, ni kilometa 1,254 mpaka Dar na utanunua asali Tabora, ila usiifunge na meli. Wa Tabora mna nafuu ya kuwahi SGR Dodoma kwa basi mkikosa ndege.

Tiketi za ndege zikae kwenye buking moja mpaka mwisho kama inawezekana, Dar, Johannesburg, Durban, ili ya kwanza ikichelewa wao wahangaike na ya pili. Na mkishuka kwenye bandari za njiani, ukitoka na matembezi yaliyouzwa na meli basi wanakusubiri au wanakupeleka bandari inayofuata kwa gharama zao. Ukitoka na bodaboda yako mwenyewe ni juu yako.

## Maswali ya pembeni

19. Naenda peke yangu, nalipa nusu ya chumba?

Nusu haipo, mara nyingi unalipa kama watu wawili au karibu na hapo. Kampuni ya Norwegian wana vyumba vya mtu mmoja tangu meli yao Norwegian Epic ya 2010, na kampuni nyingine zimefuata, ila vinaisha haraka. Tafuta mwenzio.

20. Mjamzito au mtoto mchanga?

Kampuni nyingi hazimpokei mjamzito atakayekuwa amefika wiki ya 24 kabla safari haijaisha, hesabu mwisho wa safari sio mwanzo. Mtoto mara nyingi awe na miezi sita, na safari za kuvuka bahari kubwa mwaka mmoja. Vijana nao waangalie, kwenye safari za Marekani Royal Caribbean wanataka mmoja chumbani awe na miaka 21.

21. Chakula cha halali kipo?

Samaki na mboga havikosekani. Nyama ya halali andika ombi wakati wa kubuku, sio ukishapanda, jikoni wanaagiza wiki nyingi kabla. Akikubukia ejenti mwambie aandike kwenye buking na akuonyeshe majibu. Shehe mmoja wa hapa Ujiji aliniuliza kibla, nikamwambia shehe meli inageuka, tumia dira ya simu.

22. Nimepigiwa simu nimeshinda kruzi ya bure, nitume "ada ya usajili".

Umepigiwa na tapeli. Kata simu. Nimeona watatu hapa dukani kwangu wakitaka niwatolee risiti ya muamala wakalalamike, hela ilishakwenda.

23. Badala ya kulipa, si niombe kazi melini?

Hilo ni jambo jingine kabisa ila linaulizwa kila siku. Kwa mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 wakala haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi, unajigharamia vitu kama paspoti na cheti cha afya. Mtu akikudai laki tano za "nafasi" rudi swali la 22.

24. Hamna kitu cha namna hiyo hapa hapa ziwani?

Kruzi yenyewe hamna. Ila boti za kwenda hifadhi ya Gombe zinaondokea Kibirizi, unaweza kupanda ya abiria au kukodi, na hifadhi ya Mahale ni kwa maji au kwa ndege ndogo. Ukikodi mkubaliane kabla: mafuta yamo au hayamo, mnarudi siku gani saa ngapi, na boti ikikulalisha huko kwa sababu ya upepo nani analipa. Wengi hawaulizi la upepo, na ziwa hili likichafuka mchana utajua hujui. Omba jaketi okozi uione kwa macho kabla ya kutoa advansi, na uivae, usiikalie.